Walii wa Jeneza la Jiwe

Yeniçayır, 9 Mei 1993

Wifi yangu Nermin,

Nakubusu mikono kwanza, halafu macho, na Zeliha naye anakubusu popote palipobaki. Sisi wazima. Mama mzima isipokuwa goti, na goti lenyewe huuma pale tu panapokuwa na vyombo vya kuosha. Mdogo wako Rıfat yuko na lori upande wa Adana, amepeleka vigae, amesema atarudi kabla pichi hazijaiva. Mbuzi kazaa pacha. Rukiye wa jirani kanunua mashine ya kufulia, na kwa kuwa maji hayapandi mpaka kwake, ameiweka sebuleni na kuitandikia kitambaa cha kufuma. Tukienda kunywa chai tunaisifu.

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa kuwa ulisema simu huipendi, inakuumiza kichwa. Mama anasema hicho ni kiburi cha Ujerumani. Mimi sisemi kitu.

Habari kubwa ya hapa ni kwamba meya wetu ameanzisha safari za bure za akina mama, kwenda İznik kuona magofu ya Warumi na ya Bizanti. Uchaguzi ni Machi, basi tumegeuka watu ghafla. Kila mama anapewa kofia yenye sura ya meya, na juisi ya kopo yenye sura ya meya, na karatasi ya kufutia mikono, hiyo haina sura, nadhani walifikiria. Mama amejiandikisha wa kwanza. Tangu niolewe humu sijamsikia akitaja magofu, na lile kanisa la zamani nyuma ya zizi letu tunawekea majani ya ng'ombe. Lakini cha bure ni cha bure, anasema, na wale Warumi kama walituachia vitu ni vizuri twende tukavione kabla hawajabadili mawazo.

Sasa wifi, kuna jambo jingine dogo. Zeliha anaingia mwaka wa nne na bado hajatamka neno. Ni mtulivu. Ni mtoto mtulivu sana, hata mbwa akibweka yeye katulia. Mama anasema Rıfat naye alichelewa, na siku alipoanza alianza na tusi, kwa hiyo tusiharakishe. Nimesikia kwamba hospitali kubwa ya Bursa kuna daktari wa watoto watulivu. Mama hataki hata kusikia. Rıfat nikimwambia anasema, muulize Mama. Na Mama duniani anamheshimu mtu mmoja tu, yule anayemletea kahawa na chokoleti kila likizo. Ukimwandikia mstari mmoja, wifi, mmoja tu, wa kusema mtoto apelekwe.

Naweka kalamu, maziwa yanachemka.

Wifi yako, Gülizar

*

Duisburg, 4 Juni 1993

Gülizar,

Barua yako ilifika ikiwa na doa la mafuta, nikajua kweli imetoka nyumbani.

Mimi niko salama. Mashuka ya wagonjwa hayaishi, nayafua leo na kesho yananirudia. Chumba cha mashine kina kelele hivi kwamba wenzangu wote wanalalamika, mimi tu silalamiki, msimamizi ananipenda kwa hilo. Jirani yangu, mzee wa Kijerumani, alikuwa akinisalimu kila asubuhi kwenye ngazi. Siku hizi hanisalimu tena. Ameamua mimi ni jeuri. Ni sawa, wengi waliamua hivyo kabla yake.

Mpe Rukiye hongera ya mashine.

Umeandika "mtulivu" mara tatu katika barua moja. Kondoo ni mtulivu. Mawe ni matulivu. Niandikie neno lenyewe, Gülizar, au usiniandikie jambo hilo kabisa.

Na mambo ya Mama na watoto mimi siyaingilii. Nilishawahi kuwa mtoto wa Mama, inatosha.

Nenda kwenye matembezi hayo ya meya. Uniandikie uliyoyaona, hapa hakuna kinachochekesha. Ndani ya bahasha kuna soksi za mtoto. Simu usinipigie.

Nermin

*

Yeniçayır, 27 Juni 1993

Wifi yangu mpendwa,

Mikono yako naibusu. Soksi zimemkaa Zeliha vizuri, hataki kuzivua hata kwenye joto hili. Pacha mmoja wa mbuzi alikufa, aliyebaki ananyonya kwa wawili. Rıfat alikuja akalala siku moja akaondoka tena.

Safari tumekwenda. Nikusimulie yote kwa mpangilio, maana nisipofanya hivyo sitafika mwisho.

Tulipewa kiongozi wa kutueleza, kijana anaitwa Tarık, mwembamba, mpole, kasomea mambo ya kale Eskişehir. Basi lilipoanza kutembea tu akasimama mbele akasema, "Mama zangu, leo tutatembea miaka elfu mbili."

Rukiye akauliza, "Kwa miguu? Mimi viatu hivi nimeazima."

Tukaanzia kwenye ukumbi wa michezo wa Warumi, ule wa ngazi za mawe. Tarık akaeleza nani aliujenga, na kwamba hapo waliketi maelfu ya watu wakitazama michezo. Mama akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Maelfu hao, choo chao kilikuwa wapi?" Tarık akasema hilo bado halijafukuliwa. Mama akatutazama sisi wengine kama mtu aliyeshinda kesi. Baada ya hapo hakuna aliyewasikiliza Warumi. Tukatandika vitambaa kwenye ngazi, tukatoa majani ya mzabibu yaliyofungwa wali, achari, mikate ya jibini na birika la chai, na nakwambia wifi, wale Warumi walijua kujenga mahali pa kulia. Kila mtu anamwona mwenzake amebeba nini.

Kisha Ayasofya ya pale, kanisa la kale lililobaki kuta na ndege. Tarık akatuambia kwamba humo maaskofu wa Bizanti walikusanyika kubishana kama picha za watakatifu zinafaa au hazifai. Rukiye akauliza walibishana muda gani. Tarık akasema, ukijumlisha yote, zaidi ya miaka mia.

"Wanaume wasio na zeituni za kuchuma," Rukiye akasema.

Kutoka hapo tukapelekwa duka la sabuni. Duka ni la shemeji yake meya. Nilidhani tumepotea njia, lakini Tarık akasoma kwenye karatasi yake, uso umemwiva, kwamba sabuni ya zeituni ni sehemu ya urithi wa kale. Dukani tulikaa kuliko ukumbini na Ayasofya ukichanganya. Mama kanunua, kasema ina harufu ya kale kweli.

Sasa sikiliza. Nje ya ukuta, katikati ya mizeituni, kuna jeneza la jiwe, kubwa kama chumba cha kuku, na ubavuni lina tundu walilotoboa wezi zamani. Tulishuka hapo kwa sababu akina mama walitaka kivuli. Mama akalizunguka, akaligusa, akauliza, "Nani kalala humu, mwanangu?"

"Hajulikani, mama," akasema Tarık.

"Mungu anamjua."

"Ni Mrumi tu, mama. Tajiri fulani. Hatujui hata kama alikuwa na dini gani. Na humo hayumo, mifupa iliibwa zamani."

Mama akarudi nyuma hatua. "Hayumo?"

"Hayumo."

"Basi katoka mwenyewe."

Wifi, yule kijana akatazama karatasi yake. Unajua kwetu ilivyo. Kaburi lenye jina ni la mtu, kaburi lisilo na jina ni la walii, na lisilo na mtu ndani hilo ndilo kubwa kuliko yote. Basi zima likainua mikono likasoma Fatiha. Rukiye akararua ukingo wa kitambaa chake cha kichwa akaufunga kwenye tawi la mzeituni kuwa nadhiri, na kufumba na kufumbua tawi lote lina vitambaa. Tarık anaomba, "Mama zangu, tafadhali, huyu ni Mrumi," na mama mmoja akamwambia, "Nawe omba, kijana, uoe."

Ndipo Mama akanichukulia Zeliha mikononi. Akamsimamisha, akambandika viganja kwenye jiwe, yeye akazunguka upande wa tundu akaingiza kichwa akaita humo ndani kwa sauti yote, amwombee mtoto ulimi ufunguke. Sauti ikavuma ndani ya jiwe. Na Zeliha akacheka. Alicheka mpaka akakaa chini.

"Kasikia," Mama akasema. Akina mama wote, kasikia, kasikia. Wengine walilia.

Wifi, mimi nilikuwa nimeweka kiganja changu kando ya chake, nisimwache aanguke. Jiwe lilitetemeka kama kifua cha paka anayekoroma. Alichosikia, alikisikia kwa mikono.

Uliniambia niandike neno. Nyumbani nimegonga vifuniko vya sufuria nyuma ya kisogo chake, nimepasua mfuko wa karatasi, nimemwita kwa kila jina la mapenzi ninalojua. Mwanangu ni kiziwi. Nimeliandika kwa penseli, lakini sitalifuta.

Mwandikie Mama, wifi.

Gülizar wako

*

Yeniçayır, 22 Agosti 1993

Wifi Nermin,

Natumaini u mzima, maana barua yako haijafika na posta nimekwenda mpaka karani ananikimbia. Nakubusu. Pichi zimeiva zote siku moja, kama kawaida, mikono inanata. Rıfat yupo, amelala.

Mambo yameharibika, na yameharibika kwa uzuri mno, ndiyo shida.

Habari za Zeliha kucheka zilifika kijijini kabla ya basi. Wiki ile ile wakaja akina mama wa vijiji vingine, na watoto wao, na wakwe zao wasiosikia kwa uzee, wote wakitaka kwenda kwenye jeneza. Meya akasikia. Akaja kwetu na mpiga picha, akamnyanyua Zeliha, akasema siku zote amekuwa akisema historia yetu iko hai. Sasa safari ya akina mama haiendi tena kwa Warumi wala kwa maaskofu. Inakwenda moja kwa moja kwenye jeneza, halafu kwa sabuni. Wameweka kibao cha kijani: Walii wa Jeneza la Jiwe, Mfungua Masikio. Sabuni nayo imebadilishwa karatasi.

Tarık wa watu ameagizwa kuandika maisha ya walii. Nilimkuta amekaa kwenye jiwe, karatasi magotini.

"Umeandika nini, kaka?" nikamuuliza.

"Kwamba alitoka Horasan, mbali huko mashariki, na kundi la kondoo."

"Ni kweli?"

"Wote wanatoka Horasan na kondoo, dada. Ukiandika vingine watu hawaamini." Akafuta jasho. "Mwalimu wangu wa chuo akipita hapa nitaingia humo ndani ya tundu."

Na Zeliha, wifi, amekuwa kitu cha kuonwa. Nyumba inajaa. Mmoja anampigia kelele sikioni, "Zelihaaa," mwingine anapiga makofi. Naye mtoto ana akili. Amejifunza kwamba watu wakipanua mdomo mbele yake wanataka atabasamu, basi anatabasamu na kutikisa kichwa. Wanasema, unaona, anaelewa kila kitu. Akigeuka hawamwiti tena. Hakuna hata mmoja anayemwita akiwa amegeuka.

Nikamwambia Mama kwa upole, twende Bursa daktari amthibitishe tu. Akaacha kumenya.

"Mtoto aliyepona unampeleka hospitali? Ili walii aseme nini? Kwamba mimi Hacer nimemkana?"

"Mama, hasikii."

"Hajazoea. Hata wewe ungefunguliwa masikio leo ungehitaji muda."

Nikaenda kwa meya mwenyewe, mtoto mgongoni. Alinikaribisha vizuri, akanipa kofia nyingine. Akasema, "Dada yangu, nakuelewa, mimi pia ni mzazi. Subiri tu mpaka Machi." Nikamuuliza kwa nini Machi. Akasema baada ya Machi daktari aseme anavyotaka.

Nesi wa zahanati aliniambia mlangoni, polepole, kwamba kwa mtoto kama huyu kila msimu unaopita unaondoka na maneno yake, na hayarudi yote. Mimi darasa langu ni la tano, lakini hilo nimelielewa. Machi ni misimu miwili. Nao wanaipeana kama wanavyopeana mbegu za alizeti.

Wifi, najua hutaki kuingia. Sikuulizi kwa nini. Lakini kama kuna mlango hata mdogo, ingia.

Gülizar

*

Duisburg, 19 Septemba 1993

Gülizar mwanangu,

Barua zako zote mbili zilifika. Ya Juni ilikaa mezani majira yote ya joto. Niliipangusa vumbi kama kitu cha mapambo.

Hali yangu ni nzuri. Hapa kumeanza kupoa, nimetoa blanketi. Chokoleti nitatuma na mtoto wa Cemile, mwenzangu wa kazini, anayekuja harusini huko.

Sasa. Sikio langu la kulia halijasikia kitu tangu nizaliwe. La kushoto linasikia nusu, na siku za mafua robo. Ndiyo maana simu siipendi. Ndiyo maana mzee wa kwenye ngazi aliacha kunisalimu. Huku daktari wa kazini alinigundua mwaka wa kwanza, nikapewa kifaa cha nyuma ya sikio, nakivaa chini ya kitambaa cha kichwa, na likizo zote nilizokuja kwenu nilikuwa nacho hapo hapo mnaponibusu. Hakuna aliyekiona. Mama aliniambia tu kwamba Ujerumani imenifundisha adabu, siku hizi nikiitwa naitika.

Utotoni nilikuwa nikimpa mgongo, ananiita, sigeuki. Basi anakuja na kofi. Mtaa mzima ulijua Nermin wa Hacer ana kichwa kigumu. Nikajifunza kuishi hivyo. Niliona heri niitwe jeuri kuliko niitwe hilo neno lako la penseli. Jeuri anaogopwa, anaolewa hata. Yule mwingine wanamzungumzia akiwa amekaa palepale.

Ulivyoniandikia kwamba Zeliha anatabasamu wakipanua midomo, niliacha kusoma nikaenda kukunja mashuka. Hilo mimi nililijua nikiwa na umri wake. Sikufundishwa na mtu.

Humu kuna ukurasa wa Mama. Msomee wewe, maana hajui kusoma na Rıfat atakimbilia lori. Usipunguze neno. Ukifika pagumu, kunywa maji, uendelee.

Nermin

[Ukurasa wa Mama]

Mama, nakubusu mikono. Binti yako Nermin hasikii. Hajawahi kusikia sawasawa. Uliponiita sikuwa nakudharau, sikuwa najua kama umeniita. Makofi yote uliyonipiga kwa kutogeuka, nilidhani yanatoka hewani, kama mvua. Sikuandikii ili uone vibaya. Nakuandikia kwa sababu una mtoto mwingine ndani ya nyumba aliyekupa mgongo. Mimi nilipewa kifaa nikiwa mtu mzima, maneno mengi yalishapita. Yeye bado mdogo. Mpeleke Bursa. Walii wako kama ni walii hatakasirika, na kama ni Mrumi hatajua.

*

Yeniçayır, 24 Oktoba 1993

Wifi yangu,

Nakubusu mikono yote miwili, na hilo sikio la kulia nalibusu kwanza. Kwetu baridi imeingia. Zeituni bado hazijachumwa. Rıfat alikimbilia lori, ulivyosema, ila kabla ya kuwasha alikaa humo muda mrefu, kisha akarudi akanipa kitambulisho cha mtoto cha kupelekea hospitali, akaondoka.

Ukurasa wa Mama niliusoma. Mama alikuwa chini jikoni anaambua maharagwe. Nilisoma bila kupunguza. Hakuinua kichwa. Mikono iliendelea, lakini maharagwe alikuwa anayatupa kwenye maganda na maganda anayatia kwenye sufuria.

Nilipomaliza akasema, "Soma tena pale pa makofi."

Nikasoma.

"Tena."

Nikasoma. Akasema mwandiko wangu mbaya, huenda nimekosea. Nikamwambia mwandiko si wangu, Mama, ni wake, huu hapa. Akauchukua ukurasa, akautazama, ukiwa kichwa chini miguu juu, akautia kifuani akatoka. Yale maganda niliyapika hivyo hivyo, sikutaka ajue nimeona.

Mpaka Ijumaa hakusema nami. Ijumaa ilikuwa siku ya safari. Basi lilijaa, akina mama wote jenezani, Tarık anasoma habari za Horasan na kondoo kwa sauti ya mtu anayesomewa hukumu. Mama akapita mbele, akaweka kiganja kwenye jiwe, akasema, "Nimemwota."

Hata Rukiye akaacha kutafuna, wifi.

"Nani, Mama Hacer?" akauliza Tarık.

"Mwenyewe. Alikuja akasimama miguuni pangu. Akasema, Hacer, mimi kazi nimeianza, amalizie daktari wa Bursa. Mpeleke mtoto, na usichelewe, ulishachelewa mara moja."

"Alivaa nini?" Rukiye akataka kujua.

"Koti jeupe."

"Na miwani?"

"Miwani mfukoni."

Akina mama wakatazamana. Walii mwenye koti la daktari hajawahi kuonekana sehemu zetu, lakini nani angebisha, na kila mmoja ana goti au jino au mkwe. Kufika jioni kijiji kizima kinasema walii anawaita watu hospitali.

Meya alikuja kabla chai haijapoa. Alivua kofia yake mwenyewe. "Mama Hacer, ndoto ni ndoto. Labda walii alimaanisha baada ya Machi."

"Walii hagombei," Mama akasema. "Angetaka Machi angesema Machi."

"Na daktari akisema mtoto hasikii? Watu watasema nini?"

"Watasema meya alimzuia mtoto asiende alikotumwa na walii. Hilo ndilo watasema. Nitaanza mimi."

Meya alikunywa chai yake yote, kisha akasema kwamba kwa hakika yeye siku zote amekuwa akitetea afya. Kwa hiyo tunakwenda Bursa kwa basi la halmashauri, wote, limeandikwa ubavuni Safari ya Historia na Afya. Tarık ameagizwa kueleza kuta za Bursa njiani. Alikuja kunipa mkono kwa siri, akasema Bursa angalau ana mambo ya kweli ya kusema.

Dukani kwa sabuni tutasimama. Hilo walii mwenyewe asingeliweza.

Niombee, wifi. Sijawahi kuogopa hivi na kufurahi hivi kwa pamoja.

Gülizar

*

Yeniçayır, 16 Desemba 1993

Wifi Nermin, nuru yangu,

Mikono, macho na masikio yako yote nayabusu. Theluji imeanguka mpaka kwenye mizeituni, tunachuma vidole vikiwa vimekufa ganzi. Mbuzi mzima. Rukiye amepata maji, sasa mashine inafanya kazi na hakuna anayeisifu tena.

Bursa tumekwenda mara mbili. Mara ya kwanza korido ya hospitali ilikuwa kama ule ukumbi wa Warumi, vitambaa chini, achari, birika. Daktari, mwanamke kijana, akatoka akaita, "Mama wa Zeliha," na basi zima likasimama. Aliniingiza mimi na Mama. Akamkalisha mtoto kwenye chumba kisicho na mwangwi, akamvisha vitu vya masikioni, akachora mistari kwenye karatasi. Mama akamwuliza kama huwa anavaa miwani. Daktari akasema ya kusomea tu, huiweka mfukoni. Mama akanibana kiwiko mpaka nina alama.

Zeliha anasikia kidogo sana. Si hakuna kabisa, kidogo sana. Daktari hakutuficha, alisema tumechelewa, lakini hatukuchelewa mno. Amepimiwa vifaa viwili, na mara ya pili tulikwenda kuvivaa. Kila Jumatano kutakuwa na mwalimu wa kumfundisha kuongea, na mimi nikae nijifunze naye. Nimemwambia mwalimu darasa langu ni la tano. Akasema tutaanzia la kwanza sote watatu.

Kibao cha jenezani kimepakwa rangi upya. Sasa kimeandikwa Walii wa Jeneza la Jiwe, Mwelekezaji wa Wagonjwa kwa Madaktari. Tarık anasema katika historia yote ya Bizanti hajaona mtu aliyepanda cheo haraka hivi baada ya kufa. Ameomba uhamisho aende makumbusho, ambako waliokufa wamefungiwa kwenye vioo na akina mama hawaruhusiwi kugusa. Meya ameahidi kumpa baada ya Machi.

Siku ya kwanza na vifaa Zeliha alilia, akaziba masikio, kila kitu kilimshtua, kijiko, mlango, kikohozi chake mwenyewe. Leo katulia, na leo naliandika neno hilo bila kuogopa. Alikuwa amekaa mbele ya jiko, anapanga maganda ya njugu, ametupa mgongo. Mama akaja akasimama mlangoni. Alikaa pale mpaka nikafikiri amesahau alichofuata. Kisha akaita. Hakupaza. Aliita kama mtu asiyetaka kumwamsha aliyelala.

Akaita, "Nermin."

Zeliha akageuka.

Bado hajui jina lake ni lipi, angegeukia lolote. Lakini aligeuka, wifi, na midomo ya Mama ilikuwa imeshafunga, hakukuwa na kitu cha kutazama. Aligeukia sauti.

Mama akasema nikuandikie kwamba ulimi uliteleza kwa sababu ya vitunguu. Hatukuwa na vitunguu.

Baadaye, tukitandika kitambaa cha chakula, akaniuliza bila kunitazama sikio lako linalosikia kidogo ni la upande gani. Nikamwambia la kushoto.  Amechukua mto wake wa kukalia, ule uliokaa upande mmoja tangu niolewe humu, ameuhamishia upande wa kushoto wa pale unapokaa ukija likizo.

Wako, Gülizar